Usaha umekata, ugonjwa bado upo: jibu kwa fundi mwenye mke mjamzito

Nimepata ujumbe wa kijana mmoja, fundi gipsam, miaka 28, mke wake ana mimba ya miezi mitano. Kwa kifupi anasema alikuwa saiti Dodoma miezi mitatu, wiki ya mwisho kabla hajarudi Morogoro akalala na dada mmoja bila kinga, mara moja tu. Siku ya nne mkojo ukaanza kumchoma, usaha wa njano ukawa unachafua boksa. Akaenda duka la dawa akapewa vidonge vya rangi mbili na vingine vyeupe, siku ya tatu usaha ukakata, akaacha dawa, akarudi nyumbani na maisha na mke wake yakaendelea kama kawaida. Saivi ni wiki ya tano, akiamka asubuhi anaona tone jeupe, mkojo unawasha, na korodani ya kushoto imekuwa nzito inauma akipanda ngazi ya kazini. Rafiki yake kamwambia hiyo ni UTI sugu, yaani maambukizi ya njia ya mkojo yasiyoisha. Mke hana malalamiko, ila amesema uchafu umeongezeka kidogo akaambiwa ni mambo ya ujauzito, na kliniki alianza mimba ikiwa na miezi mitatu akapimwa akaambiwa yuko safi. Kijana anauliza: inawezekana mimi nikawa nao na yeye asiwe nao? Na kama hana dalili, kuna ulazima gani wa kumwambia wakati naweza kuvunja ndoa bure?

Mdogo wangu, kwanza pole, na umefanya vizuri kueleza yote bila kuficha, mana wengi wananiandikia "naumwa na mkojo" basi, ukiuliza maswali matatu zaidi wanapotea.

Naanza na korodani kwa sababu hiyo haitaki kusubiri. Kama maumivu yangekuja ghafla, makali ya kukukunja, na kutapika, ningekwambia acha kusoma panda bodaboda uende hospitali sasa hivi hata kama ni saa nane usiku, mana hapo mshipa wa korodani unaweza kuwa umejisokota na una masaa machache tu kabla haijafa. Yako imekuja taratibu, inazidi kuwa nzito siku hadi siku, hiyo mara nyingi ni maambukizi yaliyopanda kutoka njia ya mkojo mpaka kwenye mirija ya mbegu nyuma ya korodani. Ikiachwa, mirija inaweza kuziba, na kuna wanaume wanatafuta mtoto miaka sita hawajui kwamba tatizo lilianza na usaha wa siku tatu walioutibu dukani. Kwaiyo kesho asubuhi uende, sio Jumatatu, sio ukimaliza kazi ya mteja.

Sasa ni nini hicho. Kwa ulivyoeleza, siku ya nne, usaha mzito wa njano, mkojo unachoma kama pilipili, hiyo ni picha ya kisonono, gono kama mnavyoita mtaani. Gono kwa mwanaume huwa haina subira, wengi wanaiona kati ya siku ya pili na ya saba. Ila gono mara nyingi haisafiri peke yake. Inakuja na klamidia, na klamidia yenyewe ni mpole, inachukua wiki moja mpaka tatu kujitokeza, na ikijitokeza haileti usaha wa kutisha, inaleta hivyohivyo unavyoona wewe: tone jeupe au kama maji asubuhi kabla hujakojoa, muwasho ndani ya njia, basi. Ukishakojoa linaoshwa na unasahau mpaka kesho yake.

Kwaiyo kuna mambo mawili yanawezekana, na yote yanaweza kuwa ya kweli kwa pamoja. La kwanza, gono haijafa. "Rangi mbili" ni jina la dawa nyingi tofauti, mi siwezi kujua ulipewa ipi, ila najua kwamba kisonono kilishazizoea penisilini na tetrasaiklini muda mrefu, na siprofloksasini ambayo kipindi fulani ndio ilikuwa tegemeo nayo imeshachoka sehemu nyingi za dunia. Saivi tegemeo kubwa ni sindano ya seftriaksoni. Ukimeza dawa ambayo mdudu ameshaizoea, na tena ukaimeza siku tatu ukaacha, unakuwa umempiga kofi tu. Alafu hata bila dawa yoyote usaha wa gono unaweza kupungua wenyewe baada ya wiki kadhaa na mdudu akabaki ndani anaambukiza. Hapo ndipo wanaume wengi wanapodanganyika, tunapima kupona kwa kuangalia boksa. La pili, gono ilikufa kweli ila klamidia haikuguswa, ikaja kujitokeza baadae ukiwa umeshajihesabu mzima. Ndio mana kituo cha afya wakiona usaha kwa mwanaume wanatibu vyote viwili kwa pamoja, sindano na vidonge, mara nyingi doksisaiklini ya siku saba, na ikishafika kwenye korodani kama kwako dozi inarefushwa, siku 10 au 14. Usiende kujinunulia hizo nilizotaja, nazitaja ili ukipewa ujue kwa nini na uzimeze mpaka kidonge cha mwisho.

Hii "UTI sugu" naomba niseme neno, mana imeumiza watu. Mwanaume wa miaka 28 mwenye afya yake kupata UTI ya kawaida sio jambo la kila siku, njia yake ya mkojo ni ndefu, wadudu wa haja kubwa hawafiki kwenye kibofu kirahisi kama kwa mwanamke. Kwaiyo kijana akija na mkojo unaochoma pamoja na ute au usaha, wa kwanza kufikiriwa ni magonjwa ya ngono, UTI inakuja nyuma. Na kwa dada zetu, mtu ametibiwa "UTI" mara nne ndani ya mwaka, kila mara mkojo unapimwa, wanaona chembe za usaha, anaandikiwa dawa, inarudi, basi inapewa jina la sugu. Hamna aliyemuuliza kuhusu mwenzi wake. Mara nyingine usugu wenyewe unalala naye kitanda kimoja: yeye anatibiwa, mwanaume hatibiwi, anamrudishia. Sisemi kila UTI inayojirudia ni hivyo, kuna wanawake wanaopata UTI za kweli tena na tena, nasema swali liulizwe.

Sasa mkeo. Umeuliza kama inawezekana wewe uwe nao yeye asiwe nao. Inawezekana, kulala na mwenye ugonjwa sio lazima uupate kila mara. Ila umekaa naye mwezi mzima bila kinga ukiwa na maambukizi, na mwanaume anamwambukiza mwanamke kirahisi kuliko mwanamke anavyomwambukiza mwanaume. Mi ningemhesabu ameshaupata mpaka ithibitike vinginevyo, na hata miongozo ya matibabu ndivyo inavyotaka, mwenzi anatibiwa hata kama hana dalili hata moja.

Kwa nini haumwi? Kwako wadudu wamekaa palepale mkojo unapopita, kila ukikojoa unakumbushwa. Kwake wamekaa kwenye mlango wa kizazi, kule juu ndani, ambako mkojo haupiti na hisia ya maumivu ni ndogo sana. Na mwanamke ana ute wake wa kawaida kila siku, ujauzito unauongeza, kwaiyo ukiongezeka kidogo au ukibadilika rangi kidogo nani atashtuka? Wanawake wengi wenye klamidia, na karibu nusu au zaidi ya wenye kisonono, hawaoni chochote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2020 maambukizi mapya milioni 374 ya magonjwa manne tu yanayotibika, yaani klamidia, kisonono, kaswende na trikomonasi, hiyo ni zaidi ya milioni 1 kila siku, na mengi hayana dalili. Hao wote hawapo kwenye foleni za hospitali, wapo majumbani wanapika na kufua wakijiona wazima.

Alafu ukae ukijua dalili za mwanamke zikija huwa zinakuja zimechelewa: maumivu chini ya kitovu, maumivu wakati wa tendo, damu kidogo baada ya tendo au katikati ya mwezi, homa. Hapo mara nyingi ugonjwa umeshapanda kwenye kizazi na mirija, na makovu yake ndio yanaleta utasa na mimba kutunga nje ya kizazi.

Kwa mjamzito kuna la zaidi, chupa inaweza kupasuka kabla ya wakati, mtoto akazaliwa njiti. Na kuna macho. Naomba nikueleze nilichokiona mwenyewe, miaka mingi imepita lakini sijasahau. Mama alikuja na kichanga cha siku tatu, kope zimevimba zimegandana, bibi yake ndio amembeba, alikuwa anampangusa kwa pamba na kumkamulia maziwa ya mama machoni kama walivyofundishwa na wakubwa wao. Nilipojaribu kufungua kope taratibu usaha ukaruka, mwingi, wa njano. Baba yake alikuwa nje kwenye benchi. Nilipomuita pembeni akaniambia ndiyo, alitoka usaha mimba ikiwa na miezi saba, akameza dawa akapona, hakuona sababu ya kumsumbua mkewe. Mtoto huyu alipona kwa sindano kwa sababu waliwahi. Kisonono kwenye jicho la kichanga kinaweza kutoboa kioo cha jicho ndani ya siku chache, ndio mana wodi ya wazazi wanampaka mtoto dawa ya macho akizaliwa. Ila dawa ya kupaka ni ngao ya mwisho, kinga yenyewe ni mama kutibiwa kabla ya uchungu.

Na kuhusu ile kliniki aliyoambiwa yuko safi, hapa naomba usome taratibu. Kliniki ya wajawazito wanapima virusi vya ukimwi na kaswende. Kisonono na klamidia kwa kawaida havimo kwenye vile vipimo, kwaiyo "yuko safi" haikuhusu hivyo kabisa. Na hata ukimwi na kaswende, alipimwa mimba ya miezi mitatu, wewe ukiwa bado Dodoma. Majibu yake yanaeleza hali yake kabla hujarudi, hayasemi lolote kuhusu huu mwezi mlioishi pamoja. Inabidi apimwe tena, na hawezi kupimwa tena kama hajui kwamba kuna sababu.

Kaswende nataka niikazie mana ndio inayodanganya kuliko zote. Inaanza na kidonda kimoja, kigumu kidogo pembeni, hakiumi, mara nyingi kama wiki tatu baada ya tendo ila inaweza kuwa siku 10 mpaka 90. Kwa mwanaume kinaweza kujificha chini ya ngozi ya mbele, kwa mwanamke kinakaa ndani kabisa asikione maisha yake. Kinapona chenyewe bila dawa. Mtu anapaka mafuta ya nazi, kinapona, anayasifia mafuta. Baada ya wiki kadhaa vinakuja vipele mwilini, mpaka kwenye viganja vya mikono na nyayo, haviwashi, navyo vinaondoka vyenyewe, na watu wanasema ni aleji au damu chafu. Baada ya hapo kimya, miaka, alafu inakuja kushambulia moyo, mishipa na ubongo. Kwa mjamzito hiyo miaka ya kimya haipo, inavuka kwenye kondo la nyuma inamfuata mtoto, mimba inaharibika au mtoto anafia tumboni au anazaliwa mgonjwa. Na tiba yake ni penisilini ya sindano, dawa ya zamani na ya bei nafuu kuliko vocha mnazoweka kwa wiki. Kinachokosekana mara nyingi sio dawa, ni mtu kupimwa damu.

Vidonda vingine kwa ufupi. Vikiwa vidogovidogo vingi, vinaanza kama malengelenge yenye maji, vinachoma, vinapasuka, vinapona na kurudi tena palepale ukichoka au ukiumwa malaria, hiyo ni hapisi, haiponi kabisa ila ina dawa za kuipunguza nguvu, na mjamzito mwenye vidonda hivyo karibu na kujifungua lazima aseme. Kidonda kinachouma chenye usaha na mtoki uliovimba hiyo inaweza kuwa pangusa, siku hizi haionekani sana. Vinyama vinavyoota kama koliflawa ni masundosundo, vinaletwa na aina fulani za kirusi cha HPV, na aina nyingine za kirusi hichohicho ndizo zinazoleta saratani ya mlango wa kizazi, ndio mana mabinti wa miaka 9 hadi 14 wanachanjwa mashuleni, usimzuie mdogo wako wa kike. Trikomonasi inaleta uchafu wa kijanikijani, povu, harufu na muwasho kwa mwanamke, mwanaume mara nyingi haoni kitu. Na uchafu mweupe kama maziwa mgando unaowasha sana mara nyingi ni fangasi, hiyo wajawazito wanaipata hata mume akiwa mtulivu, kwaiyo asije mtu akamfukuza mke kwa sababu ya fangasi.

Tego pia niliguse, mana najua kuna mtu ameshakunong'oneza kwamba yule dada katoka kwa mganga. Hapana. Ni bakteria, wanaonekana kwenye darubini, wanakufa kwa dawa sahihi.

Turudi kwenye virusi vya ukimwi. Ulipaswa kuwahi ndani ya masaa 72 baada ya lile tendo kupewa dawa za kuzuia maambukizi, hiyo imeshapita, ila uijue kwa siku nyingine na umwambie na fundi mwenzako. Kesho upime, na hata ikija hasi urudie miezi mitatu ikishatimia tangu lile tukio. Mpaka hapo kondom, hata na mkeo, hasa na mkeo, kwa sababu mwanamke akipata virusi akiwa mjamzito au ananyonyesha, ile miezi ya mwanzo virusi vinakuwa vingi mno kwenye damu na hatari kwa mtoto ni kubwa kuliko mama aliyeko kwenye dawa muda mrefu. Na gono yenyewe inafungua mlango, ngozi ikiwa na uvimbe na usaha virusi vinaingia na kutoka kirahisi. Hii tumeijua vizuri kutoka hapahapa kwetu, utafiti uliofanyika vijijini Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 90, jamii 12, nusu zikaboreshewa matibabu ya magonjwa ya ngono kwenye zahanati za kawaida, wahudumu wakafundishwa na dawa sahihi zikawepo, na majibu yalipotoka 1995 maambukizi mapya ya ukimwi upande ule yalikuwa yamepungua kwa kama asilimia 40. Ni kutibu usaha na vidonda vizuri tu, na wenzi wao.

Sasa kumwambia. Najua hapa ndipo ulipotaka kufika tangu mwanzo. Nimeona wanaume wanachukua dozi mbili kituoni, wanasaga moja wanaweka kwenye uji wa mke. Usifanye hivyo kabisa. Doksisaiklini uliyopewa wewe haimfai mjamzito, yeye ana dawa zake, na lazima aulizwe kama ana aleji. Wengine wanamwambia "nesi kasema tumeze wote dawa za minyoo". Siku atakapokuja kujua, na huwa wanajua, mana wanawake wanasoma majina ya dawa, utakuwa na makosa mawili badala ya moja.

Kaa naye, simu zote pembeni, mwambie kwa ufupi: "Nikiwa Dodoma nilikukosea, nililala na mwanamke mwingine mara moja, nimepata maambukizi, naogopa nimekuletea wewe na mtoto. Kesho naenda kutibiwa, naomba twende wote." Usianze na maelezo ya upweke wa saiti. Atalia, anaweza kukasirika akaenda kwao, ana haki. Usimwambie "hata wewe sijui ulikuwa na nani", hata majibu yake yakija na ugonjwa, mana wewe ndio uliyeanza na dalili na tarehe unazijua. Kama mdomo unakataa, muombe tabibu awakalishe wote, tunafanya hivyo mara nyingi, au uandikiwe karatasi ya kumuita mwenzi ambayo haitaji ugonjwa kwa jina. Ndoa yenu siwezi kuisemea, ninachojua ni kwamba wanandoa waliokuja pamoja kwenye chumba cha tabibu niliwaona wakirudi tena pamoja, wengi wao.

Na yule dada wa Dodoma mpigie. Inawezekana hana dalili yoyote kama mkeo, hajui. Sentensi moja inatosha, usimtukane.

Mkishatibiwa wote wawili, hamna tendo siku saba na mpaka dalili ziishe kabisa, mmoja akianza kabla ya mwenzie kumaliza mnaanza upya. Ukiona tone bado lipo baada ya wiki rudi, usiende dukani.

Kesho asubuhi usikojoe kabla ya kufika, au kaa angalau saa moja bila kukojoa, mana kipimo kinataka lile tone au mkojo wa mwanzo. Beba hata kama ni paketi tupu ya zile dawa za Dodoma, tabibu aone ulimeza nini. Ukifika mapokezi huna haja ya kutangaza mbele ya foleni, sema una shida ya mkojo, mengine yote utayasema ndani mlango ukishafungwa, na ya kwanza kuitaja iwe korodani, ya pili mkeo na miezi ya mimba.